Nyasi Tatu kwenye Mto Thuci

Jumapili iliyopita mlinizunguka nje ya kanisa kama kuku waliomwagiwa mtama. "Mama Kendi, mlifika? Mzee alikubali? Kendi ataolewa au hataolewa?" Nikawaambia nendeni nyumbani, nitaandika. Nikisimulia kwa mdomo, Mama Mwenda anacheka kabla sijafika pa kuchekea, halafu napoteza njia. Basi haya hapa. Someni mpitishiane, na mtu asimwagie chai.

Mwanzo wa shida mnaujua. Kendi wangu, nesi kule Embu, alimleta Ireri nyumbani mwezi wa nne, mwalimu wa Siakago, kijana mpole, mrefu kama mti wa umeme. Tulikuwa tumeshachinja. Ndipo shemeji yangu Mzee M'Mutwiri, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alipomuuliza kijana ukoo wake. Kijana akataja. Mzee akaweka kijiko chini na kusema, "Hawa ni gichiaro chetu. Babu zetu walikula kiapo nao kwenye mto Thuci. Harusi hakuna."

Na gichiaro si mchezo, hata kwetu tulioshika Biblia. Ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo. Gichiaro wako akikuomba kitu humnyimi, humdanganyi, humwagi damu yake, na humpi binti yako, kwa maana ni kama kumpa ndugu yake. Wazee wanasema ukivunja, watoto wa ndoa hiyo hawaoni mwaka wa pili. Mimi nimefundisha shule miaka thelathini, nikasema huo ni upuuzi. Lakini usiku nilikuwa nalala macho wazi. Kendi naye akaniambia, "Mama, mkikataa nitaenda hivyo hivyo." Mtoto kuondoka bila baraka, na mimi nina huyo mmoja tu! Ndiyo nikamwambia Mzee, twende huko mtoni tuwaulize watu wa ng'ambo wanakumbuka nini. Kiapo cha watu wawili hakiwezi kukumbukwa na upande mmoja.

Githongo hadi Nkubu

Tuliondoka kwetu Githongo na gari la maziwa. Mnalijua, linasimama kwenye kila lango, na dereva lazima aulizie hali ya ng'ombe wa kila mtu. Mzee alikuwa amevaa koti lake la suti na kofia, amebeba fimbo na kitita cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Miraa ile alikuwa ameichuma mwenyewe alfajiri. Kwake huwezi kwenda kuuliza swali la ukoo mkono mtupu, hata kama unakwenda kukataa.

Nkubu tukamngoja Salim. Salim ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Majengo kule Meru mjini, na kila wiki huteremka na pikapu yake hadi soko la Ishiara. Mume wangu alikuwa akimuuzia mbuzi, kwa hiyo ananiita shemeji. Alisema atafika saa mbili. Alifika saa nne na nusu. Nilikuwa nimeshakula chapati mbili na maharagwe kwa hasira, na Mzee amekunywa chai tatu.

"Samahani, shemeji," Salim akasema, "betri ilinigomea, nikasukumwa na vijana wa msikitini."

"Betri yako inagoma kila wiki," nikamwambia.

"Kila wiki, wallahi. Ila leo ilikuwa kweli."

Kumkasirikia Salim ni kazi bure. Tukapanda mbele, mimi katikati, gia ikinigonga goti.

Nkubu hadi Chuka

Sasa hapa ndipo safari ilipoanza kunichosha. Lami ilikuwa bado mpya, gari linateleza tu, nikajua saa saba tuko Ishiara. Tukakaribia daraja la Mutonga. Mzee akagonga dashibodi kwa fimbo. "Simamisha."

Salim akasimama, akidhani mzee anataka kujisaidia. Mzee akashuka, akatembea polepole hadi ukingoni, akachuma nyasi tatu. Akazitemea mate kidogo, akazitupa majini kwa mkono wa kushoto. Akazitazama zikienda mpaka zikapotea. Kisha akarudi na kupanda.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Ni maji," akanijibu, kana kwamba mimi ndiye mjinga.

Daraja la Maara, vivyo hivyo. Simamisha, shuka, nyasi, mate, mkono wa kushoto, panda. Na Mzee ana miaka zaidi ya sabini, kushuka kwake kwenye gari ni kikao kizima. Kwenye Nithi, mnajua ule mteremko ulivyo, Salim ameshika usukani kwa mikono miwili anasoma dua, Mzee anagonga dashibodi! Nilipandwa na hasira.

"Mzee, mimi nimezaliwa Imenti, nimeolewa Imenti, sijawahi kuona mtu wa kwetu akifanya hivi. Nani alikufundisha?"

"Nyanya yangu. Ndiye alinilea. Hata kijito cha kuruka alikuwa hapiti bila nyasi."

"Na maana yake?"

"Hakuniambia. Nilikuwa mtoto. Nilifanya kwa sababu yeye alifanya."

Nikasema moyoni, haya basi, hata maana hajui, na anatuchelewesha. Na mtu wa namna hiyo ndiye anashikilia maisha ya mwanangu! Salim hakujali. Aliniambia tu, "Shemeji, mimi kila daraja nasema bismillahi. Yeye anasema kwa nyasi. Maji ni ya kuheshimiwa."

Huko njiani Mzee akalainika, akaanza kutueleza habari za mito. Alisema watu wetu wote wanajijua kwa maji. Walipotoka Mbwaa, kwao kwa kwanza, walivuka bahari, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua likiwaka, na mpaka leo koo zinaitwa nyeusi, nyekundu na nyeupe kwa jinsi zilivyovuka. Hayo nami niliyajua, nimewahi kuyafundisha darasa la nne. Ambalo sikulijua ni kwamba zamani watu wakitaka kusema neno lisilorudi nyuma, waliingia mtoni na kulisema maji yakiwa magotini. Ardhi ina mwenyewe, alisema, lakini maji ya mto si ya mtu, kwa hiyo hayana upendeleo. Thuci ndio ulikuwa mkubwa kwa mambo hayo, kwa sababu huku ni Meru na kule ni Embu na Mbeere. Wazungu walipokuja kuchora mpaka wa wilaya walikuta mto umeshauchora.

"Na babu zetu waliingia humo?" nikauliza.

"Waliingia. Baba yangu alikuwa akisema hivyo: tulifanywa ndugu na watu wale pale mtoni."

Alivyolisema bila shaka yoyote, hamu ya kula ikaniisha. Chuka tulikula githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na avokado kwa mama mmoja karibu na stendi. Mzee alimaliza sahani, mimi nikampa Salim yangu.

Chuka hadi Thuci

Kutoka Chuka unateremka, na kila kona joto linaongezeka. Migomba inaisha, chai inaisha, unaanza kuona mtama, ndengu na mawe. Barabara nayo ikawa ya udongo. Nikavua sweta, halafu kitambaa. Mzee hakuvua koti.

Tulipofika Thuci, kumbe mto umejaa. Huko chini mvua haikuwa imenyesha hata tone, vumbi mpaka kwenye kope, lakini mlimani ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya daraja. Ni daraja la chini, la saruji, halina kingo. Watu walikuwa wamekaa pande zote mbili wakingoja.

"Yatashuka saa ngapi?" nikamuuliza mchungaji mmoja aliyekuwa na mbuzi wake.

"Yakishuka, mama, utaona," akaniambia.

Tukakaa. Saa saba ikawa saa nane, ikawa saa tisa. Salim akaswali, akalala chini ya gari. Mimi nilikuwa natembea huku na huku nikiyasemesha maji kama mwendawazimu. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli. Niliogopa tutavuka na tuambiwe ndiyo, kiapo kipo. Na niliogopa hatutavuka, nirudi kwa Kendi bila jibu lolote.

Ndipo niliposikia kutafuna nyuma yangu. Mbuzi mmoja, beberu mweupe, amesimama kwa miguu ya nyuma, kichwa kimeingia ndani ya pikapu. Nilipiga kelele. Mzee akaja na fimbo. Wapi! Kitita chote kilikuwa kimekwisha, yamebaki majani ya mgomba, na beberu ananitazama na tawi moja la miraa limening'inia mdomoni.

"Leo huyu hapati usingizi," Salim akasema kutoka chini ya gari.

Mzee hakucheka. Alikaa juu ya jiwe kando ya maji, mikono juu ya fimbo. "Hii si dalili nzuri," akasema. "Turudi." Nami nikasema haturudi hata mbuzi wote wa Mbeere wale miraa yote ya Meru. Tulikuwa bado tunabishana nilipoona macho yake yameenda ng'ambo.

Upande wa pili, bibi kizee mmoja mwembamba, kanga begani, alikuwa ameteremka hadi karibu na daraja. Maji yalikuwa yameanza kushuka, saruji inaonekana. Alionekana anataka kuvuka kuja kwetu. Akainama, akachuma nyasi. Akazitemea mate. Akazitupa mtoni kwa mkono wa kushoto, akasimama akizitazama mpaka zikapotea.

Mzee M'Mutwiri alisimama wima kama askari. Kofia ikaanguka, hakuiokota. "Mama Kendi," akasema, "umeona?"

"Nimeona."

"Zilikuwa ngapi?"

"Tatu, Mzee. Zilikuwa tatu."

Ng'ambo

Yule bibi anaitwa Cucu Marigu, cucu ni nyanya kwa lugha yao. Ni dada ya babu yake Ireri, na kijana ndiye aliyemtuma aje kutupokea, kwa kuwa anakaa hatua chache kutoka mtoni. Alivuka na fimbo yake, maji yakimlamba vifundo, akatufikia akiwa hata hahemi. Tulikuwa tumejipanga tuanze na salamu, halafu habari za mvua, halafu polepole tuingie kwenye ukoo. Mzee aliruka yote.

"Nani alikufundisha kutupa nyasi?"

Cucu akamtazama juu na chini. "Kwenu hamsalimii?" akauliza. Mimi nilitamani kucheka, lakini niliinama nikaokota kofia ya Mzee nikamrudishia.

Tulipanda gari tukavuka naye mpaka kwake. Mzee aligonga dashibodi tena kabla ya daraja, na safari hii hakuna aliyelalamika. Cucu alimwangalia akitupa zake. Kwake tulikaa kwenye viti vya kamba, tukapewa uji wa mtama, mchachu, mzito, kwenye vibuyu. Kisha ukaletwa muguka, ile miraa ya majani ya huko Mbeere, kwenye sinia. Nyumbani Mzee huuita muguka majani ya mbuzi. Lakini miraa yetu ndiyo mbuzi alikuwa ameila, kwa hiyo akachukua muguka, akatafuna, akasema asante.

"Kwetu," Cucu akaanza, "ni wasichana wa nyumba hii wanaotupa nyasi. Msichana akiolewa ng'ambo ya maji anatupa siku ile ya kwenda, na kila akiondoka tena. Mimi mwenyewe niliolewa Tharaka, nikatupa, na sasa nimerudi kwetu. Wewe ni mwanamume, na ni Mmeru. Ulitoa wapi?"

"Kwa nyanya yangu, mama ya baba yangu. Alinilea mpaka nikatahiriwa."

Yule bibi akaweka kibuyu chini. "Basi alifika," akasema. "Alifika, na alizaa."

Haya ndiyo aliyotueleza, na nayaandika kama alivyoyasema. Ilikuwa wakati wa njaa kubwa, kabla ya Wazungu. Watu wa ukoo wetu na wa kwao walikuwa wamenyang'anyana ng'ombe na kuuana. Mwisho wakachoka, wakakubaliana waingie Thuci wafanye gichiaro. Wetu walikaa upande wa Meru. Wao walikaa upande wa Mbeere na mbuzi wa kiapo, kwa maana pasipo mbuzi hakuna gichiaro, lazima nyama iliwe na wote wawili. Siku ile mto ukajaa. Wakangoja siku moja, mbili, tatu. Watoto walikuwa wanalia njaa. Siku ya tatu usiku, watu wa upande wa Mbeere wakamchinja yule mbuzi wakamla.

"Asubuhi maji yakashuka," Cucu akasema. "Wakakutana katikati, maji hapa magotini. Wenu wakauliza, mbuzi yuko wapi? Wetu wakaona aibu. Hakuna mbuzi. Ndipo mwenye mbuzi akamshika binti yake mkono akasema, sina mbuzi, nina mtoto. Huyu atatufanya ndugu. Mkampokea, mkaenda naye. Kiapo hakikuliwa. Ilikuwa ni harusi."

Jamani! Nilishika kiti. Nikamtazama Mzee. Miaka yote ukoo wetu ulikuwa umekumbuka kwamba tulifanywa ndugu mtoni, na ni kweli tulifanywa. Ila kilichotufanya ndugu kilikuwa ni bibi harusi, na sisi tukabaki na mto tukamsahau msichana.

Mzee si mtu wa kukubali upesi. Akauliza nyumba ya yule msichana na nyumba ya Ireri, ajue damu zao zimekaribiana kiasi gani. Cucu akamhesabia kwa vidole: yule alikuwa wa mke mkubwa wa mwenye mbuzi, Ireri ni wa mke wa tatu, na tangu hapo vizazi vinne vimepita. Akauliza kama kuna mwingine anayejua. Cucu akamwambia aende amuulize yeyote amtakaye, hadithi hiyo kwao inaimbwa kwenye harusi. Hapo Mzee akaweka fimbo chini. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa nini mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto ni wa kuaga," Cucu akamjibu. "Unaondoka kwenu, unaaga maji ya kwenu. Siku ukirudi kuwaona watu wako unatupa kwa wa kulia. Hakukufundisha wa kulia?"

"Hapana. Wa kushoto tu."

"Aa," akasema yule bibi, pole sana. "Basi hakurudi hata mara moja."

Mzee M'Mutwiri mnamjua. Alimzika mke, akamzika mdogo wake ambaye ni mume wangu, hatukuona chozi. Pale alifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. "Kila kijito," alikuwa akisema. "Kila kijito, na mimi nilidhani anacheza na mimi." Salim akatoka nje kwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na kasoro. Na mimi nililia pia, msiniulize kama nilikuwa nalia huzuni au furaha, vyote vilikuja pamoja.

Siakago

Tulilala kwa Cucu, na asubuhi Salim akaenda sokoni Ishiara kwa mbuzi wake, halafu akatupeleka Siakago kwa wazazi wa Ireri. Tulipoingia uani, mama yake alituona akakimbilia jikoni akafunga mlango. Baba yake akaja na uso wa msiba. Kumbe walikuwa wamesikia tumekuja na mzee wa ukoo wakadhani tumekuja kuvunja rasmi, na mama alikuwa hataki kulisikia kwa masikio yake.

Mzee alienda mwenyewe kwenye mlango wa jikoni akabisha kwa fimbo. "Mama Ireri, fungua. Tulichukua msichana kwenu hatukumrudisha hata kuwasalimia. Sasa tunaleta wetu. Unakataa?"

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Yule mama alinikumbatia na mwiko mkononi, bega langu likajaa unga. Tulikula ugali wa mtama, kunde na kuku, na Mzee akaomba muguka mara ya pili. Hilo la muguka nimeapa kwamba sitalisema Githongo, kwa hiyo mmelisoma, hamkulisikia kwangu.

Kurudi

Tulivuka Thuci saa nne asubuhi ya siku ya tatu, maji yamepungua, safi, unaona mawe. Nyuma kulikuwa na mbuzi kumi na wanne, na yule beberu mweupe akiwa mmojawapo. Salim alimtafuta soko zima mpaka akampata kwa mwenyewe, akasema huyo hawezi kumwacha aendelee na tabia hiyo. Kabla ya daraja Mzee alishuka. Akachuma nyasi tatu, akatema mate. Akahamisha fimbo kwenye mkono wa kushoto. Akatupa kwa mkono wa kulia, kwa ajili ya yule nyanya. Akaniambia amemrudisha kwao kidogo.

Jumamosi Kendi alikuja kutoka Embu. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini aliponiona nikitabasamu langoni alitupa begi chini akaanza kulia kabla sijasema. Nikamkalisha jikoni nikamweleza kila kitu, mto, mbuzi, yule msichana wa njaa. Harusi ni Desemba, na baba yake mkubwa mwenyewe ndiye atamtoa. Usingizi wangu umerudi, hata jogoo sisikii siku hizi.

Kendi alikuwa akizungusha kikombe.

"Mama, siku hiyo tukifika Thuci, gari lisimame?"

"Lisimame."

"Nitupe kwa mkono gani?"

Mimi niliyenung'unika kwenye kila daraja kutoka Nkubu hadi Chuka, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, siku hiyo ni wa kushoto. Lakini wa kulia, mwanangu, usiusahau, na usipite mwezi kabla hujautumia.